Mama Pini Anasikia

Baada ya miaka ishirini na tisa katika chumba cha picha za ubongo, Mama Pini anastaafu rasmi tarehe 30 mwezi huu. Alikuwa amebakiza miaka miwili, lakini kiharusi hakibishi hodi.

Jina hilo tulimpa sisi. Mashine yetu ni sumaku kubwa, haitaki chuma, naye hakumwamini yeyote aliyesema hana kitu kichwani. Alipekua nywele mwenyewe, na pini alizozikuta akazitia kwenye kopo la kahawa. Mkurugenzi wetu, mama mwenye haraka zake, aliapa hana hata moja, akatolewa nne. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Watafiti wa lugha walipotafuta sauti, walimchagua yeye. Alirekodi sentensi mia mbili, ikiwemo ile ya shangazi aliyekalia miwani yake. Watu walilala ndani ya mashine wakimsikiliza, kisha sentensi zilezile zikachezwa kinyumenyume, makelele matupu, ili tuone ni wapi ubongo unawaka unapoelewa maneno. Kabla ya kila picha aliwaambia kwa kipaza sauti: "Tulia, niko hapa nje, nakuona."

Mwezi wa pili mwaka huu kiharusi kilimnyang'anya usemi wote. Mwanawe mkubwa akawa anapanga mambo mbele yake, hata nani achukue kabati lake, kana kwamba mama hayupo. Hakuwa na ubaya. Daktari mwenyewe hakuwa na hakika kama anaelewa. Lakini jamani, iliniuma.

Basi tukamlaza kwenye mashine yake. Pini nilimtoa mimi, tatu, machozi yakinitoka. Tukamchezea sauti yake mwenyewe. Ilipokwenda kinyumenyume, pale panapoelewa maneno palitulia. Ilipokwenda sawasawa pakawaka, na kila tuliporudia pakawaka tena. Mwanawe alikuwa nyuma ya kioo pamoja nasi. Alipoingia alipiga magoti akamwomba mama yake radhi, na tangu siku hiyo humuuliza yeye kwanza.

Mama Pini, siku ya kukuaga tutakusomea haya polepole, mwanzo mpaka mwisho, bila kuruka neno. Asante kwa kila kichwa ulichokilinda. Kopo lako liko palepale dirishani. Maisha mema yakufuate nyumbani.

Tulia, mama. Tuko hapa nje, tunakuona.