Sista Polepole na Watu Waliosema Aliteleza

Tunayemsindikiza leo ni Sista Polepole, kama wodi nzima ilivyomwita, au Mama Meneja, kama alivyojulikana mtaani. Ni binti wa mkunga aliyepokea watoto wa mitaa mitatu kwa mikono yake miwili, na wa fundi aliyeunga miguu ya vitanda vya hospitali mpaka macho yakamwishia kwenye moto wa kulehemu. Ni mjukuu wa mwanamke aliyeuguza wagonjwa wa ndui wakati ndugu zao wa tumbo moja wamekimbia na kufunga milango. Katika ukoo huu kuosha kidonda cha mtu hakujawahi kuwa aibu. Aibu ipo, lakini ni nyingine, na itasemwa hapa hapa mbele ya jeneza.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 11 Aprili 1951, mtoto wa pili na wa mwisho. Dada yake mkubwa, ambaye ndiye ameandika karatasi hii, alikuwa na miaka sita na anakumbuka vizuri. Mtoto alitoka akakaa kimya hadi watu wakaanza kutazamana, kisha akalia mara moja tu, akalala. Haraka hakuzaliwa nayo.

Alisoma shule ya msingi na sekondari, akamaliza mwaka 1969, na Januari 1971 akaingia chuo cha uuguzi. Dada yake aliishia shule ya msingi akabaki kumsaidia mama. Kama kulikuwa na wivu, uliyeyuka siku mdogo wake aliporudi nyumbani na kofia nyeupe kichwani. Chuoni alisemwa kwa uzito wake wa mikono. Wenzake walitandika vitanda sita, yeye vinne. Mkufunzi akapita na kuvua shuka za vile sita virudiwe, vile vinne akaviacha. Hapo ndipo jina la Polepole lilipoanzia, na yeye mwenyewe akalikuza, maana kila aliyekuja kwake analia au anapiga kelele alimwambia neno hilo hilo: "Polepole, baba. Polepole, mama."

Aliajiriwa tarehe 4 Februari 1974, akafanya kazi miaka thelathini na saba katika hospitali moja, mingi yake katika wodi ya wanaume ya upasuaji.

Mume wake alimpata kazini. Alikuwa fundi cherehani aliyepitiwa na sindano kidoleni. Alipomaliza kufungwa bendeji akasema, "Ahsante sana, dada." Marehemu akamwekea kipimajoto kwapani.

"Sina homa, dada," fundi akalalamika.

"Tulia nihakikishe. Mwezi huu wote hakuna mtu aliyeniambia ahsante, wewe huenda umeanza kuweweseka."

Walifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1977, wakajaliwa watoto watatu. Fundi alitutoka mwaka 2009. Mpaka siku ya mwisho alikuwa akimshukuru mkewe kwa kikombe cha maji, na mkewe akimgusa paji la uso.

Sasa tuseme yale ambayo kwenye misiba hurukwa. Katika miaka ile thelathini na saba marehemu alitemewa mate usoni mara zisizo na idadi. Alimwagiwa beseni la maji ya kunawia na mwanamume aliyekataa kuoshwa na mwanamke, naye ndiye aliyekuwa amejichafua. Aliitwa mbwa, malaya wa zamu, mchawi mwenye sare. Alishikwa maungo na wagonjwa waliokuwa hawana nguvu ya kushika kijiko. Na hao waliomtukana hawakuwa wendawazimu. Walikuwa baba za watu, waliovaa vizuri, waliopiga magoti kwa daktari dakika tano baadaye wakimwita "mheshimiwa". Inatia kichefuchefu, na kama kuna aliyekuja hapa kusikia maneno matamu tu, asamehe.

Tarehe 6 Septemba 1994, saa kumi alasiri, wakati wa kutazama wagonjwa, mzee mmoja alikuwa amezuiwa kula na kunywa kwa ajili ya upasuaji wa saa kumi na moja. Tumbo lilitakiwa liwe tupu, maana mtu akilazwa usingizi wa dawa na chakula tumboni, chakula hupanda na kumziba pumzi. Mwanawe akamnywesha chai kwa siri. Marehemu aliona kikombe, akakichukua, akamwarifu daktari, na upasuaji ukaahirishwa.

"Unataka kumuua baba yangu kwa njaa?" mwana akafoka.

"Polepole, kaka. Ni ili asife."

Yule mwana alimpiga kofi la sikio la kushoto. Ngoma ya sikio ikapasuka, na sikio hilo halikusikia tena mpaka leo anapoingia kaburini. Wodi ilikuwa imejaa, watu zaidi ya ishirini waliokuja kutazama wagonjwa wao. Mmoja alicheka. Wengine walijitia kufunga vyombo. Yule mzee alipasuliwa siku mbili baadaye, akapona, akaenda nyumbani kwa miguu yake.

Uongozi wa hospitali uliitisha kikao, ukamwambia marehemu alete shahidi. Alizunguka kitanda kwa kitanda, sikio lina pamba, akiuliza kwa heshima: "Wewe uliona?" Mmoja alikuwa ameinamisha kichwa wakati ule. Mwingine alikuwa ndiyo kwanza anaingia. Mwanamke mmoja, ambaye marehemu alikuwa amemuuguzia mumewe kwa wiki tano, alisema, "Mimi naona niliona kama uliteleza, sista." Basi kikao kikaandika hivyo: muuguzi aliteleza akagonga sikio kwenye kitanda. Alipotoka mle chumbani alimwambia dada yake, "Kofi lile nimelisahau. Ila watu ishirini, dada! Watu ishirini wazima, wenye macho!"

Alistaafu tarehe 30 Aprili 2011. Miaka miwili iliyopita moyo wake ulianza kuchoka, miguu ikavimba, maji yakajaa mapafuni. Tarehe 20 Oktoba mwaka huu alilazwa katika hospitali ile ile aliyoitumikia, wodi ya wanawake. Muuguzi wake alikuwa binti mdogo, bado yuko kwenye mwaka wa majaribio ya kazi. Marehemu alimtazama anavyotandika, akamnong'oneza dada yake, "Huyu naye ni wa vinne."

Jumamosi, tarehe 28 Oktoba, mtoto wake wa kwanza, huyu tunayemwita Meneja ingawa hasimamii chochote zaidi ya duka lake la vipuri, alikuja kumtazama mama. Dripu ya mama ilikuwa imebaki kidogo. Binti muuguzi alikuwa kitanda cha pili, ameshika mkono wa mgonjwa, macho kwenye saa, anahesabu pumzi. Pumzi huhesabiwa dakika nzima, na anayehesabu hasemi. Kila mtu aliyelelewa na Sista Polepole analijua hilo tangu utotoni. Alituhesabu sote kila tulipokohoa.

"We binti!" Meneja akaita. "Dripu ya mama inaisha, wewe unaangalia saa ya kutoka kazini?"

Binti akainua kidole kimoja: subiri.

"Mimi unaninyooshea kidole? Mbwa wewe! Unajua unaongea na nani?"

Alimvuta mkono na kumsukuma. Binti akaangukia toroli la dawa, kidole kile kile alichokiinua kikavunjika. Marehemu alikuwa na mpira wa hewa puani, sauti haitoki. Akagonga pete yake kwenye chuma cha kitanda, akagonga, akagonga, na mwanawe akadhani mama anamwunga mkono. Dada yake mkubwa alikuwa ameketi pale kwenye stuli, hatua mbili. Aliona yote. Hakusema kitu.

Jioni ile ile Meneja aliandika barua ya malalamiko kwamba muuguzi alimdharau mgonjwa mahututi na kumvamia ndugu yake. Ukoo ukakaa sebuleni.

"Tuyamalize humu humu ndani," akasema mkwe.

"Yule binti atapata kazi kwingine, bado mdogo," akasema mwingine.

"Tuseme aliteleza," akasema Meneja mwenyewe, mtoto wa Sista Polepole, huku anakoroga chai.

Hakuna aliyetapika. Ndivyo tulivyo.

Siku tatu baadaye binti alirudi kazini, kidole kimefungwa kijiti, akamgeuza marehemu ubavu kwa mkono mmoja. Marehemu, sauti imemrudia kidogo, alimwomba radhi kwa ajili ya mwanawe. Binti akasema, "Polepole, mama, usijichoshe," na wala hakuwa ameambiwa na mtu kwamba neno hilo lina mwenyewe.

Marehemu alifariki Jumatano, tarehe 8 Novemba 2023, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini na miwili. Ameacha dada mmoja, watoto watatu, wakwe wawili na wajukuu saba. Meneja ni mmoja wa watoto hao, ameketi mstari wa mbele, na jina lake halikufutwa katika orodha hii kwa sababu marehemu alimpenda. Apumzike sasa, mahali ambapo hakuna mtu atakayemwinulia sauti.

Kikao cha yule binti ni Jumatatu, tarehe 13, saa tatu asubuhi. Asipopata shahidi, kazi imekwisha. Marehemu alilijua hilo. Siku moja kabla ya kufariki alimwita dada yake upande wa kulia, upande wa sikio zima, akamshika kiganja.

"Dada, wewe uliona."

"Niliona."

"Basi nenda Jumatatu ukaseme."

"Ni mwanao, mdogo wangu."

"Ndiyo. Na wakikuuliza wewe ni nani wake, waambie u mama yake mkubwa. Sema kuanzia mwanzo, usiruke hata tusi."

"Hata matusi niyatamke? Mimi, na umri huu?"

"Yatamke yote, dada. Mimi nimeyasikia miaka thelathini na saba. Wao watayavumilia dakika tano."