Mtu Mkubwa wa Pili: Maisha ya Mwalimu Fan Chiang Lien-mei, 1957–2024

Mwalimu Fan Chiang Lien-mei alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 katika vilima vya Miaoli, mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa Mzee Fan Chiang Ah-tien na Bibi Yeh Chiu-mei, wakulima wa chai na machungwa. Wasifu huu umeandikwa na mdogo wake wa kiume, Jui-hung, na ndiye anayeusoma. Familia ilimwomba aandike kwa upole. Alijaribu mara tatu akashindwa. Anawaomba radhi wote watakaokwazika, isipokuwa wale wanaojijua.

Marehemu alianza shule ya msingi Septemba 1963. Siku hizo mtoto aliyesikika akisema Kihakka, lugha yetu ya nyumbani, darasani alivikwa kibao cha aibu shingoni, akakaa nacho mpaka ampate mwenzake wa kumrithisha. Lien-mei alikivaa kuliko wote, kwa kuwa alikuwa msemaji. Alipofika miaka kumi na miwili alipata hedhi ya kwanza, akadhani anakufa. Akaenda kujificha nyuma ya banda la nguruwe ili asifie mbele ya wadogo zake. Jioni mama yao alimkuta huko, akampa kitambaa, akamwambia, "Kunja hivi. Usimwambie mtu."

"Hiki kilichonipata kinaitwaje, mama?"

"Hakiitwi."

Ukubwani alikuwa akikisimulia kisa hicho kwa vicheko, hata ugenini. Kisha alikuwa akimgeukia mdogo wake na kusema, "Kutwa nzima, Ah-Hung. Nilikaa na nguruwe kutwa nzima kwa kukosa neno moja."

Mwaka 1972 alijiunga na chuo cha uuguzi mjini Hsinchu, akahitimu mwaka 1977, akarudi kufanya kazi katika zahanati ya mji wetu. Hapo ndipo alipokutana na Bwana Tseng Kuang-ti, mpeleka barua, aliyeletwa na jeraha la kung'atwa na mbwa. Mwezi uliofuata akaja tena na jeraha la mbwa. Mara ya tatu muuguzi akamuuliza, "Mbwa ni yuleyule, na wewe ni yuleyule. Nani kati yenu hajifunzi?" Kuang-ti akajibu, "Mbwa. Mimi nimeshajua njia ya kufika hapa." Walifunga ndoa tarehe 5 Desemba 1983, wakajaliwa binti mmoja, Wan-jung.

Tarehe 1 Agosti 1985 aliajiriwa kuwa muuguzi na mwalimu wa afya katika shule ya msingi ambayo familia imeamua jina lake lisisomwe leo. Alidumu hapo miaka kumi na tisa. Madarasa ya chini ndiyo yaliyokuwa yake: la kwanza, la pili, la tatu. Aliwafundisha kupiga mswaki, kusema wana chawa bila kuona haya, kuvuka barabara ya malori, kutokimbia karibu na birika la maji ya moto. Kila majira ya baridi alirudia somo moja mpaka walimu wenzake wakamtania. Ukioga kwa maji ya kupashwa na gesi, dirisha liwe wazi ili hewa ya sumu itoke, hata kama baridi inakata masikio. Na ukiona mtu mkubwa amelegea bafuni, usimlilie. Fungua dirisha, funga gesi, kimbia kwa jirani.

Januari 1993 mtoto wa darasa la kwanza alimkuta bibi yake ameanguka bafuni, akafanya vivyo hivyo, kwa mpangilio uleule. Bibi yule aliishi hadi miaka tisini na mmoja, na kila mwaka mpya aliletwa kwa pikipiki hadi nyumbani kwa marehemu na kapu la matunda ya persimoni yaliyokaushwa. Wote mlioko hapa mnakijua kisa hiki, maana mlipenda kukihadithia. Dirisha halimuudhi mtu.

Alipoanza kuwafundisha watoto habari za miili yao, watu waliudhika. Alishona wanasesere wawili wa kitambaa, mvulana na msichana, kwa mkono wake. Akawafundisha watoto kuvitaja viungo vyote kwa majina ambayo daktari angeyatumia, bila kuruka kimoja. Akawaambia kwamba pale panapofunikwa na nguo ya kuogelea ni pao wenyewe. Akawapa maneno manne ya kukariri: "Sitaki. Naondoka. Namwambia mtu mkubwa. Asiposikia, namwambia mtu mkubwa wa pili." Watoto wakayaimba wakiruka kamba. Baba mmoja alikuja hadi chumba cha afya akafoka kwamba binti yake ametaja kiungo mezani mbele ya babu. Marehemu akamuuliza, "Alikosea jina?" Baba yule akasema hakukosea. "Basi anastahili alama zote," akasema, na akampa chai.

Jumanne ya tarehe 20 Aprili 2004, baada ya kipindi, mtoto mmoja wa darasa la pili hakutoka na wenzake. Alisimama karibu na mzani, akiwa amemshika yule mwanasesere wa kike. Akasema, "Mwalimu, mimi nimeshamwambia mtu mkubwa. Hakusikia. Sasa nakwambia wewe."

Alichokisema baada ya hapo ni mali yake, na hakitasomwa hapa. Aliyetajwa alikuwa mkufunzi wa mpira wa meza, mtu aliyeijaza ofisi ya shule vikombe vya fedha. Jina lake limo katika hukumu ya mahakama, na huko linatosha. Mtu mkubwa wa kwanza, yule ambaye hakusikia, alikuwa mwalimu wa darasa la mtoto huyo. Alikuwa amemwambia, "Usimsingizie Mkufunzi, atakasirika."

Marehemu aliketi na mtoto hadi mama yake alipofika. Kisha akaandika taarifa na kuipeleka ofisi ya wilaya siku hiyohiyo, kama sheria inavyotaka. Ndipo akaenda kumjulisha Mwalimu Mkuu, na maneno yaliyosemwa humo ndani aliyaandika katika daftari lake jioni ile. Daftari tunalo.

"Mwalimu Fan Chiang, mashindano ya nchi nzima ni wiki mbili tu zijazo. Hili jambo haliwezi kungoja wiki mbili?"

"Mtoto ana miaka minane, Mkuu. Angoje nini?"

"Mtoto ana miaka minane, ndiyo, na wewe ndiye uliyemfundisha kusema mambo hayo. Bila wanasesere wako angeyajulia wapi?"

"Mambo hayo alishayajua. Mimi nimempa maneno tu."

"Basi taarifa ibaki mezani kwangu."

"Haipo mezani kwako. Ilishakwenda."

Yaliyofuata mnayajua, na wengine wenu mliyafanya. Uchunguzi ulidumu siku kumi na moja. Waliohojiwa ni watu wazima watupu. Ikaandikwa kwamba ushahidi hautoshi. Kamati ya wazazi ikapeleka waraka wenye saini mia moja na arobaini, ukidai muuguzi wa shule "anazitia uchafu akili za watoto". Saini ya nne ni ya mwana wa yule bibi aliyeokolewa bafuni. Wanasesere walichukuliwa kabatini wakatupwa katika gari la taka, lile linalopita na muziki wake kila jioni. Mfagizi wa shule ndiye aliyewaona, akamwambia. Mkufunzi alihamishiwa shule nyingine mwezi Agosti. Aliagwa kwa karamu ya meza kumi na sita na bango la shukrani. Marehemu alihamishwa mwezi huohuo kwenda shule ya milimani, saa mbili kwa gari kila upande. Hakuna aliyekuja kumuaga.

Hata nyumbani hakukuwa na nafuu. Katika kusanyiko la ukoo la mwaka ule, mbele ya kaburi la wazee wetu, kabla hata ubani haujaisha, mdogo wake alimvuta kando akamwambia, "Dada, andika barua moja tu ya kuomba radhi. Funika kombe mwanaharamu apite."

Akamjibu, "Ah-Hung, nimewafundisha watoto kwamba asiposikia wa kwanza, waende kwa wa pili. Sasa wa pili ndiye mimi. Nikimfunikia kombe, yule mtoto aende kwa nani?"

Mdogo wake huyo ndiye huyu anayesoma. Maneno hayo ameyaandika humu kwa mkono wake mwenyewe, asije akaonekana msafi kuliko waliotia saini. Miaka ishirini walikula pamoja kila mwaka mpya, na hakuwahi kumwomba msamaha. Anamwomba leo, mbele ya jeneza, na anajua kwamba amechelewa.

Novemba 2010 mkufunzi yule alikamatwa katika shule aliyohamishiwa. Watoto watatu walikuwa wamesema, na safari hii mzazi mmoja alikuwa polisi. Alihukumiwa mwaka 2012. Siku magazeti yalipotangaza kukamatwa kwake, majirani walimpigia marehemu simu kumpongeza kwamba ukweli umedhihiri. Alikata simu zote. Bwana Kuang-ti alimkuta jikoni, amefungua maji ya bomba yanamwagika ovyo, naye amesimama tu. "Sita, Kuang-ti," akasema. "Miaka sita. Watatu hawa walikuwa hawajaanza hata shule niliposema." Hakula siku mbili. Msimwambie mtu yeyote kwamba mwisho wake Mwalimu alipata haki. Yeye hakuwa akidai haki yake.

Milimani alishona wanasesere wapya, wakiwa wamevaa mavazi ya watu wa kule, na akajifunza majina ya viungo kwa lugha ya watoto wale, maana alikumbuka kibao cha shingoni. Alifundisha huko hadi alipostaafu tarehe 31 Julai 2017. Wazazi wa kule walimpa ngozi ya kukalia, mtama, na tabu moja ya heri: kila mmoja alitaka ajifunze kucheza ngoma yao, na hakuwahi kuiweza.

Oktoba 2022 aligunduliwa kuwa na saratani ya mapafu. Hakuwahi kuvuta sigara maishani mwake. Alitibiwa kwa miezi kumi na mitano, akiwakemea wauguzi vijana waliosahau kunawa mikono na kuwasifu waliokumbuka.

Novemba iliyopita aliyekuwa Mwalimu Mkuu, ambaye sasa naye amestaafu, alikuja hospitalini na kikapu cha mapeasi. Aliketi, akauliza habari, akasifia mandhari ya dirishani. Kisha akasema, "Mwalimu, mambo ya zamani yameshapita."

Marehemu alisogeza barakoa ya hewa pembeni. "Yamempita nani?"

Mzee yule akakisogeza kikapu.

"Una kalamu?" marehemu akaendelea. "Waandikie wale watatu. Na yule wa kwanza. Waambie kwamba uliambiwa, na tarehe uliyoambiwa."

"Mimi ni mtu mzima sana sasa. Nina moyo mbovu."

"Wao walikuwa na miaka minane."

Aliaga, akaacha mapeasi. Barua haikuandikwa. Tumewauliza wote wanne.

Mwalimu Fan Chiang Lien-mei alifariki dunia Alhamisi, tarehe 11 Januari 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa ameshikwa mkono na mumewe, miezi miwili kabla ya kutimiza miaka sitini na saba.

Leo asubuhi shule ile imeleta shada kubwa la okidi nyeupe lenye utepe ulioandikwa "Mama wa Watoto Wote". Bwana Kuang-ti, mwenye miaka sabini na moja na goti bovu, amelibeba mwenyewe hadi nje ya lango. Mliopita mkaliona karibu na mapipa, mjue kwamba halikuwekwa pale kwa bahati mbaya, na tunaomba mtu mwenye huruma asilirudishe ndani.

Marehemu ameacha mume, Tseng Kuang-ti; binti, Tseng Wan-jung, na mkwe; mjukuu wa kike mwenye miaka mitano, ambaye tayari anaudhi watu kwa kutaja vitu kwa majina halisi; na ndugu watatu walio hai.

Juzi jioni, rasimu hii ilipokuwa imekamilika, mwanamke mmoja alipiga simu nyumbani. Anauza vipuri vya pikipiki mjini Toufen, ana miaka ishirini na saba. Aliuliza kama wasifu utamtaja. Mdogo wa marehemu akamweleza kwamba umetaja "mtoto mmoja wa darasa la pili", na kwamba jina lake limehifadhiwa kwa heshima.

"Heshima ya nani?" akauliza. "Mimi sikufanya kosa. Mjomba, Mwalimu alinifundisha kila kitu kina jina. Niandike kwenye walioachwa."

Basi ameacha pia Ku Pei-shan, ambaye ameketi safu ya mbele pamoja na familia, amevaa nguo ya matanga kama sisi. Wale mliotia saini mnaweza kumtazama sasa. Yeye amesema hana neno, mtazameni.

Mwalimu Fan Chiang Lien-mei apate sasa amani mliyomnyima akiwa kazini.