Futi Haimgusi Aliye Hai

Sogeeni wanangu, kaeni huku kulia, maana upande wa kushoto ulinikimbia siku ile ya kiharusi, na ulimi nao naona unafunga virago. Fundi, mwanangu wa kwanza, usisimame mlangoni kama mgeni.

Karakana ya majeneza aliyoiacha baba yenu msiigawe. Mashine ya kuranda ataishika fundi, chumba cha mbele ni cha dada yenu, na kitindamimba wangu abaki na nyumba hii, asifukuzwe na mtu. Hayo yamekwisha. Sasa sikieni lililonikaa rohoni.

Miaka yote nimekaa pale mbele nikiwapokea wafiwa, na kila mmoja hunieleza mwenyewe kilichomuua mtu wake. Mwaka ule ndege ya abiria ilipoanguka mtaa mzima haukulala, lakini jeneza la mtu wa ndege sijapata kuliuza. La aliyeumwa na nyoka, moja tu. Presha, moyo, sukari, kifua, pikipiki, mzazi aliyecheleweshwa kufikishwa hospitali, hao ndio waliowasomesha nyinyi. Mfiwa akisema presha, waliopo benchini husema pole na kuendelea na chai yao. Yule mmoja aliposema nyoka, wote walisogea karibu wasikie.

Baba yenu, Mungu amrehemu, aliogopa wezi. Alitia nondo madirishani mpaka nyumba ikawa giza mchana, akafuga mbwa wakali aliowaogopa yeye mwenyewe. Lakini muuguzi alipomwomba anyooshe mkono apimwe presha, akakataa, kwa ule mwiko wa futi ya kupimia maiti alioachiwa na babu yenu: futi haimgusi aliye hai, fundi wa majeneza akipimwa ameitwa. Nikamwambia, "Mume wangu, ile ni futi, hii ni presha." Akanijibu, "Kupimwa ni kupimwa." Akaanguka asubuhi juu ya ubao aliokuwa akiuranda, na nondo zote ziko imara. Nilimpenda mtu yule, na mpaka leo namkasirikia.

Binti yangu, unayekesha kwenye basi kwa kuogopa ndege, panda ndege, au angalau mwambie dereva apunguze mwendo.

Na wewe fundi, mkeo ameniambia kichwa kinakugonga kila asubuhi, nawe unasingizia vumbi la mbao. Mficha maradhi kifo humuumbua. Ufunguo wa karakana uko chini ya mto wangu na sikupi, kwa sababu sitaki kukuachia mashine ile ukaangukie palepale. Muuguzi yuko sebuleni na kipimo chake, nimemwita mimi. Akikupa dawa utaimeza kila siku, hata siku unayojiona mzima, tena hasa siku hiyo.

Jeneza langu litengenezeni kwa mbao nyepesi, wabebaji nao wana migongo. Futi ya babu yenu itieni humo nizikwe nayo, na mwiko wake. Nunueni nyingine.

Nipeni maji... Basi, yanatosha. Mwiteni muuguzi aingie. Kunja mkono wa shati, mwanangu. Usinitazame mimi... Ehe, nakisikia kipimo kinajaa upepo. Pendaneni. Mungu awape uzee... uzee mrefu, mpaka mchoke wenyewe.

Ingiza mkono hapa chini ya mto. Huo ulio huru... Chukua.