Kinyozi wa Kwenye Runinga

Fundi cherehani hakuwa na haja ya kutega sikio. Maneno yalimfuata yenyewe kutoka kiti cha mbele yake ndani ya basi. Muuguzi na mzee mmoja fundi viatu, ambao walikuwa hawajuani hata kwa salamu, walikuwa wakibishana juu ya kile kichekesho cha wanandoa kilichoisha jana baada ya miaka sita kwenye runinga.

"Yule kinyozi ana mdomo mchafu," muuguzi alisema. "Miaka yote anamtukana mkewe, na watu wanacheka tu!"

"Mwanangu, unamsingizia. Yule ni mpole kupindukia."

"Baba, kweli tunaangalia kipindi kimoja?"

Mzee akakohoa kidogo. "Mke wangu masikio yamegoma siku nyingi. Mimi ndiye ninayemwandikia kwenye kibao cha chaki wanachosema. Kinyozi akitukana, naandika 'pole mpenzi'. Huwa ananiuliza, mbona anasema pole huku amekunja uso? Namwambia ndiyo sura aliyozaliwa nayo."

Fundi cherehani aliuma ncha ya mtandio asicheke. Muuguzi hakucheka.

"Na ule mwisho wa jana mliuona?"

"Umeme ulikatika. Tunasubiri marudio, leo saa kumi."

"Basi baba, ujiandae. Kinyozi anafungasha sanduku, anaondoka, harudi tena."

Basi likasimama. Mzee alishuka ngazi moja moja, kisha akageuka mlangoni.

"Nitaandika amesafiri kikazi," alisema. "Sanduku si analo?"