Kasyoka wa Kioski cha Maji, Aliyezipa Majina Ndoto za Mchana

Miaka ishirini na sita Mama Kasyoka Ndeti amefungulia watu maji hapa kwa kisima chetu nje ya Mutomo, na Ijumaa hii anastaafu, arudi kwao Kalamba. Mimi ndiye nilimfundisha kuwasha pampu. Kamati ya maji imeniambia niandike kwa sababu hakuna mwingine anamjua kama mimi, na ni kweli, hakuna.

Kazi yenyewe inachosha. Kiangazi maji yanatoka kidogo kidogo, laini ni ndefu, jua linapiga. Watu wakisimama sana wanaanza kuota macho wazi, halafu wakishtuka wanasukumana. Kasyoka alikuwa na dawa. Akiona mtu amezubaa, anamwambia, "Wewe, toa hiyo ndoto tusikie!" Ukiitoa, anaitungia neno. Ukikataa, mtungi wako unangoja.

Nzioka alikuwa akiota mvua inanyesha kwa shamba lake peke yake, la jirani linabaki kavu. Hiyo ikaitwa kujimvulia. Mumbua aliota amekufa, lakini yuko hapo kwa matanga akisikiza nani analia kwa kweli. Huko ni kujimatanga. Kushemejika ni kuota shemeji usiyemjua anashuka kwa gari kubwa, anauliza kwako ni wapi. Haya maneno yaliingia mpaka kanisani. Nzioka alisimama akaomba asamehewe kujimvulia, kanisa lote likasema amina. Pasta ndiye alielewa mwisho.

Kuna kiangazi kimoja kibaya, kisima kimepungua, Salat mfanyabiashara wa ng'ombe akafika na kundi lenye kiu. Musyimi, aliyekuwa kwa laini, akaokota jiwe. "Hawa watamaliza maji ya watoto!" Salat naye akainua fimbo. Kasyoka akaingia katikati. "Salat, kabla hamjauana, hapo ulikuwa unaota nini?" Akajibu na hasira yake hivyo hivyo: anaota ng'ombe wamejipanga laini wenyewe, kila mmoja na mtungi wake. "Hiyo ni kung'ombepanga!" Musyimi alicheka mpaka jiwe likamwangukia mguuni. Nilikuwepo. Watoto walichota, ng'ombe wakanywa.

Sasa kamati inasema laini ni yangu peke yangu. Nimechoka, hata goti limechoka, lakini laini siiogopi. Jumanne Kasyoka hakuwepo, wakaanza kusukumana. Nikamuuliza Farhiya mwenye duka anaota nini. Akasema mtungi unajibeba mpaka nyumbani. Nikatunga: kujimtungia. Hakuna aliyecheka. Farhiya akasema, "Mzee, hilo ni baya sana." Basi kila mtu akaanza kutunga la kwake zuri kuliko langu, wakabishana, na mitungi ikajaa bila mtu kuguswa bega.

Asante, mwaitu, mama yetu. Nenda Kalamba ukaishi vizuri, uzubae vile unataka. Huku tuachie sisi. Tutagombania maneno tu.