Barkev Kalustyan, Aliyekataza Watu Kuupigia Umeme Makofi

Marehemu Barkev Kalustyan alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa Burj Hamud, mji wetu wa Waarmenia, mtaa wa Marash, katika nyumba ya vyumba viwili ambayo baba yake aliiezeka kwa mabati aliyoyakunja kwa mikono yake mwenyewe. Alikuwa mtoto wa kwanza wa fundi bati Sarkis Kalustyan na mkewe Yeranuhi. Baada yake walizaliwa dada wawili, ambao wametutangulia, na mwisho kabisa, miaka kumi na mitano baadaye, akazaliwa Mihran.

Marehemu hakuupenda wasifu kama huu. Alisema kila maiti wa Burj Hamud alikuwa mpole, mcheshi na mpenda watu, na kila mmoja alifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi, hata yule aliyegongwa na lori. Mwezi wa Novemba, akiwa kitandani, alimwambia mdogo wake: "Sikiliza, Mihran. Ukiniandikia ujinga huo nitakaa kitako ndani ya jeneza nikusahihishe mbele ya padri. Andika kilichoniua." Basi kitaandikwa.

Alianza shule ya Waarmenia ya mtaani mwaka 1957. Hesabu alizipenda, kukaa kimya hakukuweza. Akiwa na miaka kumi na miwili aliunda redio kutokana na vyuma alivyookota, na waya wake wa kunasia mawimbi aliufunga kwenye kamba ya kuanikia nguo. Mama yake akianika mashuka mabichi, stesheni ilihama. "Mama, anika upande wa kushoto, nasikiliza habari!" Mama yake akamjibu, "Na mimi nakausha suruali yako, bwana habari."

Julai 1969 watu walipotua mwezini, Barkev alikuwa na miaka kumi na minane, naye alimkimbilia bibi yake kumpa habari. Bibi alikuwa anapandisha ndoo ya maji ngazini. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na maji yetu je, yamefika?" Barkev aliusimulia mkasa huo maisha yake yote. Kila kilipotangazwa kitu kipya duniani, aliuliza swali la bibi yake kwanza, ndipo akafurahi au akakasirika. Mara nyingi alikasirika.

Alimaliza masomo ya ufundi umeme mwaka 1972, na tarehe 3 Februari 1974 akafungua duka la kutengeneza redio na televisheni katika Mtaa wa Arax. Mwaka uliofuata vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza nchini. Mwaka 1978 baba yao alifariki kwa ugonjwa wa moyo, na Mihran akaacha shule darasa la tano, akaenda kukata nyayo kwenye karakana ya viatu. Barkev alipinga. Alikwenda hadi karakanani kugombana na mwenye karakana, lakini nyumbani kulihitaji chakula. Aliposhindwa, aliamua kumsomesha mdogo wake mwenyewe kwa magazeti ya zamani, kila alasiri, nyuma ya duka, kati ya televisheni zilizofunguliwa matumbo. Barua yoyote ambayo Mihran ameweza kuandika ilitoka kwenye meza ile.

Mwaka 1984 alinunua kompyuta yake ya kwanza, ya kutumia kanda za kaseti, na mwaka 1996 duka lake likawa miongoni mwa maduka ya kwanza mtaani kupata intaneti. Tangu mwaka 2003 alikuwa na ukurasa wake huko, akiandika kuhusu nyota, simu, chanjo, mawaziri na bei ya karatasi. Wasomaji wake walikuwa arobaini na mmoja. Aliwajua karibu wote kwa majina, na alijibizana nao kama watu wanaogombania kiti.

Dukani maoni yake yalikuwa ya bure na hayakukatalika. Jirani yake Krikor, muuza viatu, alimletea simu siku moja.

"Kaka Barkev, haikai na chaji. Badilisha betri."

"Nibadilishe vipi? Wameigandisha kwa gundi kama nyayo za viatu vyako. Tofauti ni kwamba za kwako zinabanduka."

Watu walicheka, na Krikor akacheka kuliko wote. Lakini marehemu hakuwa anatania. Aliona ni wizi kumuuzia mtu kitu kilichofungwa ili kikifa akizike na kununua kingine. Alisema mtu aliyetengeneza redio ya hasimu wake vitani hawezi kufundishwa na kampuni kwamba kutengeneza hakuwezekani.

Tarehe 20 Septemba 1981 alifunga ndoa na Arpine Boyajian, mshonaji, katika kanisa la mtaa huu. Walikutana kwa sababu ya cherehani. Aliitengeneza mara nne mwezi mmoja, mpaka mama mkwe akasema, "Fundi, ama hujui kazi, ama unaijua sana." Walijaliwa Talin na Shant. Watoto wote wawili waliondoka nchini kama watoto wetu wote wanavyoondoka, na hilo marehemu aliliandika bila utani hata kidogo: alisema serikali yetu husafirisha nje kitu kimoja tu cha maana, nacho ni watoto wa watu.

Desemba iliyopita Shant alimpigia simu kutoka Dubai kumweleza habari za mashine mpya inayojibu maswali yote.

"Iulize kwetu umeme unakuja saa ngapi," baba akasema.

Shant akauliza, akamsomea. Ilijibu vizuri, kwa heshima, aya tatu nzima, na saa haikutaja.

"Inafaa kuwa waziri," marehemu akasema.

Umeme wa serikali ulipopungua hadi saa moja au mbili kwa siku, na intaneti ikawa ya kubahatisha, ukurasa wake ulihamia kwenye kikapu. Wote tunakijua, kile kikapu cha kamba kinachoshuka kutoka kwake ghorofa ya tano kuchukua mkate na nyanya. Kila Jumapili baada ya kanisa kilishuka na karatasi aliyoichapa, kikapanda na bizari, limau na majibu ya watu, mengine ya matusi. Matusi aliyapa alama kama mwalimu na kuyarudisha.

Karatasi iliyoudhi watu wengi ilikuwa ile ya makofi. Mnaujua mtindo wetu. Umeme wa serikali ukirudi, jengo zima linashangilia, watu wanapiga makofi kwenye baraza na kuitana, "Umekuja! Umekuja!" kisha kila mmoja anakimbilia mashine ya kufulia. Marehemu aliandika: "Mtu akikurudishia koti alilokuibia, akakupa mkono mmoja wa koti kwa saa moja kwa siku, humpigii makofi. Anayepiga makofi amesahau kwamba koti ni lake." Jumapili ile kikapu kilipanda bila bizari.

Oktoba 2020 aligunduliwa ugonjwa wa mapafu. Daktari alimuuliza, "Umevuta sigara miaka mingapi?" Akamjibu, "Sijawahi. Nimevuta jenereta." Na ni kweli. Bomba la moshi la jenereta la mtaa liko chini ya dirisha lake, na barua alizowaandikia wahusika kwa miaka kumi na mmoja zimo ndani ya sanduku moja la viatu. Hakuna iliyojibiwa. Tangu mwaka 2021 aliishi kwa mashine ya oksijeni, na mashine hiyo iliishi kwa betri zilizojazwa na paneli zake nne za sola juu ya paa letu.

Julai mwaka huohuo aliitisha mkutano ngazini. Alikuwa amechora mchoro: paneli za familia zote kumi na moja zilazwe kwa safu moja, waya mmoja, betri za pamoja, na wagonjwa wahudumiwe kwanza. Ulikuwa mchoro mzuri. Mkutano ulichukua saa mbili, na saa nzima kati ya hizo ilikwenda kwenye swali moja: nani atashika ufunguo wa paa.

"Akishika Krikor, mimi simo," alisema mmoja.

"Kwa hiyo ushike wewe, ambaye hata ufunguo wa nyumba yako unaupoteza?" Krikor akajibu.

"Mpeni padri," marehemu akasema kwa kuhema.

"Padri wa kanisa lipi?"

Hapo mkutano ukaisha. Watu wale hawakuwa wabaya. Walikuwa watu ambao wameibiwa na kila aliyewahi kushika ufunguo wowote, kwa hiyo wakaamua kila mmoja ajishikie mwenyewe. Mihran, anayekaa ghorofa ya pili, alijua kaka yake anasema kweli. Alisimama ngazini saa zote mbili na hakufungua mdomo.

Basi kila familia ikaweka paneli zake. Aliyekuja wa pili akakuta kivuli cha wa kwanza, akainua fremu yake. Wa tatu akaiinua zaidi. Krikor akaweka miguu ya chuma ya mita mbili. Fremu ya saba kwenda juu ilikuwa ya Mihran. Paneli za marehemu, zilizowekwa kabla ya zote, chini na sawasawa kama inavyotakiwa, zikabaki kivulini kama zimo kisimani.

Yeye hakugombana. Alipanda paani na mtungi wake mdogo wa oksijeni, akapumzika kila ghorofa, akachora mistari ya rangi nyekundu sakafuni mahali kivuli kinapofika, na pembeni akaandika saa na jina la mwenye kivuli. Saa nne, Krikor. Saa sita, Mihran. Mistari ipo. Krikor alipoiona alimwambia, "Kaka, umeniandika kama mwizi." Marehemu akajibu, "Nimeandika jua lilikopotelea. Jina lako limo njiani." Wakanywa kahawa. Na fremu hazikushuka.

Mwezi huu wa baridi jua liko chini na vivuli ni virefu. Tangu Noeli yetu Waarmenia, ya tarehe sita, betri zake hazikujaa hata siku moja. Jumanne tarehe 17 Januari 2023, saa moja na dakika kumi asubuhi, mashine ilizimika. Jenereta la mtaa huwashwa saa mbili. Lifti ilikuwa imekufa. Arpine alimwita shemeji yake kutoka barazani, na Mihran akabeba mtungi wa akiba kutoka kwake ghorofa ya pili hadi ya tano, kilo ishirini na tano, ngazi sitini. Alipofika, marehemu alikuwa bado ana fahamu. Alimtazama, akajaribu kusema neno. Valvu ilikuwa ngumu. Ilipofunguka, Barkev Kalustyan alikuwa ameshaondoka, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja.

Dakika kumi baadaye umeme wa serikali ulirudi. Majirani hawakuwa wamepata habari. Jengo zima lilipiga makofi. Arpine aliyasikia akiwa amemshika mkono.

Hicho ndicho kilichomuua. Hakufariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Wenye kuiongoza nchi waliouzima umeme watajibu kwa Mungu, maana kwetu hawajawahi kujibu. Lakini fremu za paani hazikuwekwa na waziri.

Jumatano Mihran alipanda paani na msumeno wa chuma, akakata miguu ya fremu yake. Krikor alimkuta huko.

"Unafanya nini, Mihran?"

"Nashusha."

"Yako peke yake haitoshi, bwana."

"Najua. Ningeweza kusema hivyo ngazini mwaka juzi."

Krikor akaitazama mistari ya rangi, akashuka. Hadi leo Ijumaa asubuhi, fremu nyingine hazijaguswa. Mashine ya oksijeni ya marehemu sasa iko kwa Bi Azniv, ghorofa ya tatu, ambaye kifua chake kila mmoja wetu hukisikia akipita mlangoni pake. Inatumia betri zilezile na paneli zilezile, na jana ilizimika mara mbili.

Marehemu ameacha mjane, Arpine, watoto, Talin aliyeko Montreal na Shant aliyeko Dubai, wajukuu watatu, mdogo wake Mihran na shemeji yake Sona, mke wa Mihran, wasomaji arobaini na mmoja, na mchoro mmoja. Baada ya mazishi tutakula pamoja chakula cha kumwombea roho, na kikapu chake kitakuwa mlangoni. Ndani yake mna mchoro ule, na chini yake nafasi kumi na moja za kutia sahihi. Mbili zimejazwa. Kuhusu ufunguo wa paa, Mihran ameung'oa mlango kwenye bawaba.

Na ikiwa tutakuwa hapa makaburini umeme ukarudi, na majengo ya jirani yakashangilia, tunaomba kwa heshima kwamba waliosimama kwenye kaburi hili waiache mikono yao ilivyo.

Yeye alale kwa amani, kwani kazi yake aliimaliza kuichora. Sisi tuna paa la kupanda.