Marehemu Mama Pasi, Aliyezima Pasi za Kambi ya Polisi (1935–2019)

Mama yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pasi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1935, mtoto wa tatu wa mhunzi wa karakana ya reli na mkewe mshonaji. Alisoma hadi darasa la nne, akaachishwa ili kaka zake waendelee. Hakulalamika, lakini sisi wanawe, wa kike kwa wa kiume, alitusimamia hadi tukamaliza.

Mwaka 1952 aliajiriwa kuwa dobi katika kambi ya polisi. Alifua, akatia wanga, akapiga pasi ya mkaa, na kwa umakini wake akafanywa mnyapara wa wanawake wenzake. Mwaka 1956 aliolewa na koplo wa kambi hiyohiyo, ambaye alikuwa akijipaka matope makusudi ili apate sababu ya kuleta sare. "Askari gani wewe, kila siku unaanguka?" ndilo neno la kwanza alilomwambia.

Jumatatu, tarehe 6 Oktoba 1958, sare zililetwa zikiwa na damu. Ilikuwa damu ya wanaume waliopigwa kwa kukataa kazi ya lazima ya barabara, na Jumamosi gavana alikuwa anakuja kukagua gwaride. Marehemu alimwagia maji mkaa uliokuwa ukiwaka. "Damu ya ndugu zangu siifui," alisema, "na aliyeimwaga simnyooshei kaptula." Wenzake wakaweka pasi chini. Habari zikafika kambi za jirani, nako pasi zikapoa. Msimamizi alipofoka akitaka kumjua kiongozi, alijibu, "Ni mimi. Hawa wengine wamechoka tu."

Ijumaa jioni koplo alileta sare yake nyumbani.

"Mke wangu, yangu haina damu."

"Basi ivae ilivyo."

"Watanifukuza. Mtoto atakula nini?"

"Pasi ile pale. Mikono unayo."

Koplo aliishika pasi, akairudisha mahali pake. Kesho yake alisimama kwenye gwaride amekunjamana kama karatasi iliyofungia karanga. Afisa alipomwuliza kulikoni, alisema, "Pasi imegoma, bwana." Alifukuzwa kazi kabla gavana hajaondoka. Jioni marehemu naye alikamatwa, akawekwa kizuizini hadi Mei 1960.

Aliporudi alimkuta mumewe anapiga pasi nguo za watu kibarazani ili kumlisha binti yao. Alishika shati moja, akakagua kola, akasema, "Hapa umeunguza." Kisha akavuta kiti. Kazi hiyo waliifanya pamoja hadi uzeeni.

Siku hizi kila nyumba ina babu aliyepigania uhuru, na wengine wanakula kwa jina hilo. Marehemu hakutaka kutiliwa chumvi. Mgeni rasmi mmoja alipotangaza jukwaani kwamba mama huyu aliichoma kambi ya wakoloni, alisimama akamsahihisha mbele ya umati: "Sikuchoma kitu, mwanangu. Nilizima." Wala hakukubali kuitwa shujaa peke yake. Alitaka wafuaji wote watajwe, na wasipotajwa alirudi nyumbani.

Mwaka 2017 alianza kusumbuliwa na figo. Alitibiwa kwa uvumilivu, akiwagombeza wauguzi kwa sababu ya mashuka yasiyonyooshwa. Alifariki hospitalini asubuhi ya tarehe 14 Agosti 2019, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja na vitukuu wawili.

Mtaona kwamba shati la baba limekunjamana. Leo asubuhi dada yetu mkubwa alimpelekea lililopigwa pasi, naye akalikataa. "Niacheni," alisema. "Huyu alinipenda zaidi siku niliyotoka hivi." Kwa hiyo tunaomba asije mtu akamnyooshea kola.

Mama, mkaa umezimwa, kazi imekwisha. Lala kwa amani.